Mkono Usioweza Kuukata: Ujirani, Haki na Ulimi wa Mnyonge

Wahenga walisema: "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Methali hii hufundishwa madarasani pamoja na nyingine za jamaa yake, na aghalabu mwalimu huifasiri kwa maneno machache: mwenye nguvu asikabiliwe kwa jeuri, anyenyekewe, siku zipite. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mwanafunzi mwenye kufikiri aweza kuuliza: Je, kila mkono usiokatika wastahili busu? Na kama mkono huo umelowa damu ya wengine, midomo ya mwenye kuubusu yabaki safi?

Maswali haya si ya darasani tu. Ndiyo yanayozikabili nchi ndogo zilizopakana na nchi kubwa, pale nchi kubwa inapowanyima watu wake haki ya kujitawala. Tufanye nini na jirani ambaye kwake twanunua unga na mafuta, ambaye reli na bandari zake ndizo mlango wetu wa kutokea, na ambaye hata hivyo awadhulumu walio chini yake? Tukinyamaza, twashiriki dhuluma. Tukipiga kelele, huenda watoto wetu wakalala na njaa. Katika makala haya nakusudia kulichungua swali hilo kwa kuutazama mfano wa Botswana na Afrika ya Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, kisha kuulinganisha na mifano ya majirani wengine, ikiwemo ya kwetu Afrika ya Mashariki.

Kwanza tuione hali ilivyokuwa. Botswana ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Upande wa kusini na mashariki ilipakana na Afrika ya Kusini yenyewe. Upande wa magharibi na kaskazini ilipakana na Namibia, iliyokuwa ikitawaliwa na Makaburu. Kaskazini mashariki ilikuwako Rhodesia ya Ian Smith. Mahali pekee ilipogusana na nchi huru ya Kiafrika ni Kazungula, penye kivuko cha mto Zambezi cha kuingilia Zambia. Hata makao makuu ya serikali ya kikoloni yalikuwa nje ya nchi, katika mji wa Mafeking ndani ya Afrika ya Kusini, mpaka yalipohamishiwa Gaborone mwaka 1965. Fedha iliyotumika ilikuwa randi ya Makaburu. Forodha iliendeshwa chini ya mapatano ya mwaka 1910 ambayo mtoza ushuru mkuu alikuwa Afrika ya Kusini. Reli iliyoikata nchi kutoka kusini hadi kaskazini ilikuwa mali ya shirika la Rhodesia. Maelfu ya vijana walikwenda kuchimba dhahabu katika migodi ya Johannesburg, na mshahara wao ndio uliolisha nyumba nyingi vijijini. Jeshi halikuwako, nchi ilikuwa na polisi tu, na jeshi la ulinzi likaundwa mwaka 1977.

Rais wa kwanza, Seretse Khama, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuyajua machungu ya nchi zinazompendeza jirani mwenye nguvu. Mwaka 1948 alimwoa Ruth Williams, mwanamke Mwingereza, huko London. Mwaka uliofuata Makaburu walitunga sheria ya kukataza ndoa baina ya Wazungu na watu wasiokuwa Wazungu. Serikali ya Uingereza, kwa kuogopa kuwaudhi Makaburu, ilimwita Khama London mwaka 1950 kisha ikamzuia kurudi kwao. Hakuruhusiwa kurejea mpaka mwaka 1956, tena baada ya kuacha madai yake ya utemi. Basi mtu huyu aliona, katika nafsi yake na nyumba yake, kwamba mwenye kuubusu mkono wa dhalimu mara nyingi hulipa busu hilo kwa haki ya mtu wa tatu.

Aliposhika uongozi alifanya nini? Hakuvunja biashara. Nchi isiyo na bahari, wala jeshi, wala akiba, ingevunja biashara na nani, na kesho yake ingekula nini? Mwaka 1969 serikali yake ilijadiliana upya mapatano ya forodha na ikapata fungu bora zaidi kuliko la zamani. Wachimba migodi waliendelea kwenda na kurudi. Lakini kulikuwako jambo ambalo Botswana haikulitoa: ilikataa katakata kubadilishana mabalozi na Afrika ya Kusini. Kukataa huko kuliendelea mpaka mwaka 1994, ulipokwisha utawala wa ubaguzi. Tena ilitangaza mipaka yake waziwazi. Haitakubali ardhi yake iwe kambi ya kushambulia nchi jirani. Wala haitawafukuza wakimbizi wanaoikimbia dhuluma. Vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976 walipokewa.

Hapa ndipo tunapopata tofauti ya kwanza ya kimaadili. Kwa desturi za pwani, kushikana mikono ni jambo la watu wawili wenye shughuli. Kubusu mkono ni alama ya heshima anayopewa mzee, mwalimu au sharifu. Biashara ya Botswana ilikuwa kushikana mkono kwa lazima. Kupeleka balozi kungekuwa kubusu. Mahitaji ya mwili huweza kutulazimisha kufanya shughuli na mtu tusiyempenda, wala hatuna hatia kwa kula. Heshima, kinyume chake, haitolewi kwa njaa. Hutolewa kwa hiari, na kwa hiyo mtoaji huulizwa alimpa nani na kwa sababu gani. Mnyonge anaposema "sikuwa na la kufanya", yampasa aonyeshe ni sehemu ipi ya matendo yake iliyolazimishwa, na ni ipi aliyoongeza mwenyewe.

Tuitazame Malawi. Nayo ilikuwa maskini, haina bahari, na vijana wake walikwenda migodini vilevile. Mwaka 1967 Kamuzu Banda alifungua uhusiano wa kibalozi na Afrika ya Kusini. Vorster, waziri mkuu wa Makaburu, alizuru Malawi mwaka 1970, na Banda akaizuru Afrika ya Kusini mwaka 1971. Malawi ilipata fedha za kuujengea mji mkuu mpya wa Lilongwe na msaada wa reli ya kwenda bandari ya Nacala. Hoja ya Banda haikuwa ya kipumbavu. Alidai kwamba kususa hakumbadilishi mtu. Kwamba Makaburu wakimwona Mwafrika akiketi nao mezani kama mtu sawa, hofu yao itapungua. Hoja hiyo yastahili kupimwa kwa haki. Lakini ili mazungumzo yambadilishe mkosaji, lazima kosa litajwe katika mazungumzo hayo. Mgeni anayekaa mezani akala, akashukuru, akaondoka bila kutaja wanaolala njaa nyuma ya nyumba, hakumfunza mwenyeji wake lolote isipokuwa kwamba watu huja tu. Wala si bahati kwamba Banda alifanywa rais wa maisha mwaka huohuo wa 1971, na kwamba nyumbani kwake watu waliogopa kusema. Aliyezoea kunyamazia dhuluma ya jirani ana haja ndogo ya kusikia habari za dhuluma yake mwenyewe. Historia ina vituko vyake: wananchi wa Afrika ya Kusini walipiga kura yao ya kwanza ya watu wote mwezi Aprili 1994, na mwezi Mei mwaka huohuo Wamalawi wakampigia kura Banda aondoke.

Lakini tusiisifu Botswana kwa kuipitishia chujio. Kuna pingamizi tatu nzito.

Pingamizi la kwanza ni la wapigania uhuru. Ahadi ya kutoruhusu mashambulizi ilikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na serikali ya Gaborone peke yake. Wapiganaji waliokamatwa wakipita na silaha waliwekwa ndani. Mtu aliyekuwa akipigania haki aweza kuuliza kwa uchungu: Ninyi mwasema mwachukia ubaguzi, mbona mwanifunga mimi ninayeupiga? Jibu la kweli ni kwamba serikali ile ilikuwa na dhamana ya watu wake kwanza, na haikuwa na haki ya kuwatoa mhanga bila ridhaa yao. Jibu hilo lina nguvu, ila halifuti uchungu wa muulizaji. Katika mambo ya haki hutokea mara nyingi kwamba njia bora iliyopo bado yaacha deni, na uungwana ni kulikiri deni hilo.

Pingamizi la pili ni kwamba tahadhari haikuleta usalama. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 askari wa Afrika ya Kusini waliingia Gaborone na kuua watu 12, mtoto mdogo akiwa miongoni mwao. Mwezi Mei 1986 walishambulia tena, safari hii Gaborone, Harare na Lusaka kwa siku moja. Basi kulikuwa na faida gani ya kupima maneno? Mimi naona faida ilikuwako, nayo ni ya ushahidi. Kwa kuwa Botswana ilikuwa imeweka mipaka yake wazi na kuishika kwa miaka mingi, dunia nzima ilijua nani aliyevunja ujirani. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliyalaani mashambulizi ya 1985. Upande mwingine, tukio hili lawajibu wale wanaodhani kwamba kunyenyekea ni bima. Usalama unaotegemea hisani ya dhalimu hudumu kadiri hisani yake idumuvyo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, na kila mwalimu alijua kwa methali yake: nyani haoni kundule. Nchi za mstari wa mbele ziliwakosoa Makaburu kwa kuwanyima watu kura, hali kadhaa kati yao, mathalani Tanzania na Zambia, zilikuwa na chama kimoja tu, na mpinzani hakuwa na mahali pa kusimama. Botswana ilikuwa na vyama vingi tangu mwanzo, na uchaguzi ulifanyika kila baada ya muda wake. Hata hivyo chama kilekile kilishinda kila mara mpaka mwaka 2024, kiliposhindwa na kukabidhi madaraka kwa amani. Tena wapo Basarwa waliohamishwa kutoka ardhi yao ya Kalahari mwaka 1997 na 2002, hata mahakama kuu ya nchi hiyohiyo ikaamua mwaka 2006 kwamba walidhulumiwa. Je, mwenye doa aweza kumwonyesha mwenzake doa?

Azimio la Lusaka la Aprili 1969, lililotolewa na viongozi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, lilijibu swali hilo kwa namna inayofaa kukumbukwa. Viongozi wale walikiri kwamba nchi zao hazijafikia ukamilifu wa mambo wanayoyahubiri. Wakasema tofauti iko katika nia: kuna anayeanguka akiifuata haki, na kuna anayeikana haki kwa sheria. Naliona jibu hilo kuwa sahihi kwa sehemu. Doa la mkosoaji halimtakasi mkosolewa. Mwizi akisema "moto unawaka", nyumba haiachi kuungua. Lakini anayekosoa ajitia kifungo. Kipimo alichokitumia kwa jirani amempa jirani ruhusa ya kukitumia kwake. Nchi inayoshutumu nje na kuziba masikio ndani haikuwa na haja ya haki. Ilikuwa na haja ya adui.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda kwa mabavu mwezi Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua na kukataa kuketi naye. Kwa sababu hiyo baraza la marais watatu, lililokuwa chombo cha juu cha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, halikukutana tena hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Hata hivyo, kwa muda mrefu treni zilipita, barua zilifika, na ndege za shirika la pamoja ziliruka. Kazi iliendelea, heshima haikutolewa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanya mkutano wake mkuu Kampala mwaka 1975 na kumpa Amin uenyekiti, Tanzania, Zambia na Botswana zilikaa nje. Wengi waliona huo ni utovu wa adabu wa Kiafrika, kwa kuwa katiba ya Umoja ya mwaka 1963 ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Baada ya mauaji kujulikana na utawala ule kuanguka mwaka 1979, maneno "mambo ya ndani" hayakusikika vizuri tena masikioni. Afrika ilichukua muda kujifunza, lakini ilijifunza: mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2000 walaani serikali zinazotwaliwa kinyume cha katiba. Kuyatimiza hayo ni kazi nyingine.

Sasa tuje katika jambo lililogeuza sura ya mfano wetu. Afrika ya Kusini ilipokuwa huru, yule jirani mwenye nguvu aliyedhulumu akawa jirani mwenye nguvu anayeombwa asaidie. Zimbabwe ilifanya uchaguzi tarehe 29 Machi 2008. Matokeo ya kura ya rais yakacheleweshwa kwa zaidi ya mwezi. Wapinzani wakapigwa na kuuawa. Na katika marudio ya tarehe 27 Juni Robert Mugabe alibaki mgombea peke yake baada ya Morgan Tsvangirai kujitoa. Rais Thabo Mbeki alishika njia ya mashauri ya faragha. Rais Ian Khama wa Botswana, mwana wa Seretse, alikataa kuutambua ushindi ule, na mwezi Agosti hakuhudhuria mkutano mkuu wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Mwezi Septemba mashauri yalileta mapatano, na Februari 2009 serikali ya pamoja ikaundwa.

Nani alikuwa na haki? Lugha yetu yatusaidia kulijibu swali hili, kwa kuwa haina neno moja tu la kumwambia mtu ukweli. Kuna kunasihi: kumshauri mtu faraghani kwa kumtakia heri. Kuna kuonya: kumtajia matokeo ya tendo lake. Kuna kukosoa: kulitaja kosa na kuonyesha lililo sahihi. Kuna kusuta: kumkabili mbele ya mashahidi kwa jambo analolikana. Na kuna kutukana, ambako hakumo katika jamaa hii ingawa hujipenyeza. Mbeki alinasihi, Khama alisuta. Katika mila zetu mambo hayo mawili hayapingani, bali hufuatana. Mzee hunasihiwa kwanza chumbani. Asiposikia huonywa mbele ya jamaa. Akiendelea, husutwa barazani. Kosa la njia ya faragha si faragha yenyewe, ni kutokuwa na mwisho. Nasaha isiyo na kikomo, huku watu wanapigwa, kwa yule anayepigwa haina tofauti na kuridhia, maana yeye hasikii kinachosemwa chumbani. Wala kusuta peke yake hakukutosha. Mapatano hayaandikwi na aliyesusa mkutano. Na tusisahau kwamba mwezi Aprili 2008 wafanyakazi wa bandari ya Durban walikataa kupakua shehena ya silaha zilizokuwa zikipelekwa Zimbabwe. Serikali yao ilikuwa inanong'ona; wao walisema kwa mikono. Kumbe ulimi wa nchi si wa ikulu tu.

Kutokana na mifano hii naona maswali matatu ya kumpimia yeyote anayedai kwamba anasawazisha ushirikiano na ukosoaji.

La kwanza: Nani analipa? Kama kimya changu chawalinda wanyonge wa nchi yangu, kina udhuru. Kama chalinda mkopo wa ikulu au faida ya wafanyabiashara wachache, hakina. Vivyo hivyo, kama neno langu kali litalipwa na wakimbizi mpakani, yanipasa kulipima kabla ya kulitoa.

La pili: Napunguza utegemezi wangu, au naustarehea? Botswana ilianzisha fedha yake, pula, mwaka 1976. Na mwaka 1980 ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizokutana Lusaka kuunda umoja wa uchumi ili kupunguza kumtegemea Kaburu. Anayesema "leo sina uwezo wa kusema" hupimwa kwa anayoyafanya ili kesho awe nao.

La tatu: Ningemwambia jirani dhaifu maneno hayahaya? Swali hili haliiachi hata Botswana. Mwaka 2008 yenyewe ilikwisha kutajirika kwa almasi, na Zimbabwe ilikuwa imedhoofika. Kusema kulikuwa rahisi kuliko mwaka 1966. Anayemkaripia dhaifu na kumnong'oneza mwenye nguvu hapimi kwa haki, apima kwa misuli. Kinachoifanya sauti ya Botswana isikilizwe ni kwamba ilikwisha kusema hapana wakati ambapo hapana ilikuwa ghali.

Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Walimu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini lugha inayoingia ukumbini mwa wakubwa huingia na kazi mbili: kupongeza na kukosoa. Ya kwanza haina upungufu wa wataalamu. Ya pili yahitaji watu waliofundishwa tofauti ya kunasihi na kujipendekeza, ya kusuta na kutukana, ya kushikana mkono na kuubusu. Mafunzo hayo huanza darasani, pale mwanafunzi anapoinua mkono na kuuliza swali juu ya methali, na mwalimu, ambaye hapo ndiye mwenye nguvu, anaamua kama atamnyamazisha au atamjibu.